Bushi Iliyokunywa Maji

Ukiniletea kipande cheupe cha plastiki ukaniambia ni nailoni, kabla sijapima chochote nitakata kijisehemu chenye ukubwa wa ukucha nikitie kwenye ndoo ya maji. Kikielea nakurudishia kipande chako: hiyo ni jamaa ya ndoo na madumu. Kikizama nakifuta, nakishika kwa koleo na kukichoma kwa kiberiti. Nailoni ikiungua inanuka kama nywele au kwato, na ukiigusa kwa kijiti ingali imeyeyuka kisha ukavuta, inatoa uzi mrefu mwembamba kama wa buibui. Asetali, plastiki nyingine ambayo kwa macho ni pacha wake, nayo inazama, lakini moshi wake unachoma pua na macho, na moto wake wa buluu hauonekani vizuri mchana. Usiinamie kuunusa. Mimi niliinama mara moja.

Naanza na kiberiti kwa sababu hapa Gerezani, Dar es Salaam, kila fimbo nyeupe inayokubali kisu cha lethi, mashine ya kukerezea, inaitwa nailoni. Muuzaji anaiita hivyo, mteja anaiita hivyo, na sisi mafundi tumeiita hivyo mpaka imetugharimu. Ukitoka nje ya karakana ndiyo kabisa: ukitaja nailoni mtu anakumbuka mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019. Mimi nilijifunza kukereza chuma. Plastiki niliifuata kwa sababu wateja waliifuata, na kwa miaka mingi swali la kifaa hiki kitengenezwe kwa njia gani halikuwahi kuninyima usingizi. Nilikuwa na lethi, basi nilikereza.

Mwaka 2014 kiwanda kidogo cha maji ya kunywa kilinipa kazi ya bushi 24, zile pete ambamo shafti inazunguka, za mkanda unaosafirisha chupa. Za zamani zilikuwa za shaba, zinataka grisi kila wiki, na grisi karibu na chupa za maji ni ugomvi na wakaguzi. Wakataka nailoni, na hapo walikuwa na hoja: nailoni inateleza yenyewe, haipigi kelele, na ikilika inalika yenyewe bila kuumiza shafti. Shafti zilikuwa za milimita 30. Nikakereza bushi, nikazishindilia kwenye nyumba zake za chuma, nikapitisha kisu cha mwisho ndani na kuacha mwanya wa milimita 0.06. Ni mwanya uleule niliouacha kwenye bushi za shaba maisha yangu yote. Shafti iliingia kwa kusukumwa na kidole, ikazunguka kimya. Nilijiona fundi.

Wiki ya tatu simu ikaita saa moja asubuhi.

“Fundi, mashine imeuma.”

Nilikuta mkanda haujongei, mota inanguruma na kunuka kuungua. Tukagonga shafti kwa nyundo ya mpira, ikakataa. Tukaweka kipande cha mbao, tukagonga kwa nyundo ya chuma, ikachomoka kwa kishindo kama kizibo. Nikaingiza kipimo cha venia kwenye tundu la bushi: milimita 29.9. Nikaifuta venia, nikapima tena. Kisha nikapima shafti, nikidhani labda yenyewe ndiyo imenenepa, wazo ambalo mtu mzima hapaswi kulitamka mbele ya watu. Msimamizi akaniambia, “Umetuletea bushi ndogo.” Nilitaka kumjibu kwamba shafti hiyohiyo ilizunguka ndani ya bushi hiyohiyo wiki tatu nzima, lakini ile harufu ya mota ilikuwa inanitosha, nikanyamaza.

Niliondoka na bushi moja ikiwa bado ndani ya nyumba yake. Nyumbani niliiweka nyuma ya friji, pale panapotoka joto. Haukuwa utafiti, palikuwa na nafasi tu. Kama miezi miwili baadaye nikitafuta kitu kingine nikaiona, nikaenda nayo kazini, nikachukua kipande cha shafti ya 30 nikajaribu. Ikaingia.

Nilikaa nayo mkononi muda mrefu siku ile. Jambo lenyewe limeandikwa wazi kwenye karatasi za watengenezaji, ila ukinunua fimbo dukani hupewi karatasi: nailoni inakunywa maji. Nailoni 6, moja ya aina zake, ikikaa tu kwenye hewa ya Pwani inabeba maji yasiyopungua asilimia 3 ya uzito wake, na ikilowekwa mpaka ishibe inafika asilimia 9 hata zaidi. Ikinywa inavimba. Bushi zangu zilibanwa na chuma kwa nje, kwa hiyo hazikuwa na pa kuvimbia ila ndani, kuelekea kwenye shafti, na maji ya uvuguvugu ya kuoshea mashine kila jioni yaliharakisha mambo. Kiwanda nilikirudishia bushi za asetali kwa pesa yangu. Asetali hata ikilala majini haifikishi asilimia moja.

Msiielewe hadithi hii kuwa lethi ndiyo iliyokosea. Kwa vipande vichache, au kipande kinene, au mteja ambaye mashine yake imesimama na anataka bushi leo jioni, sijaona njia inayoishinda. Ila nailoni ukereze kama nailoni. Kisu kiwe kikali cha kukata karatasi, kisiwe kile ulichotoka kukitumia kwenye chuma, maana butu linasukuma badala ya kukata, na nailoni inainama, inapisha kisu, kisha inarudi mahali pake ukishapita. Taya tatu za lethi ukizikaza kama umeshika chuma, utatoboa tundu la duara safi, ukilegeza tu linakuwa la pembe tatu. Takataka zake hazikatiki. Zinatoka utepe mmoja mrefu unaojizungusha kwenye mashine, na nimeona utepe huo ukiondoka na saa ya mwanafunzi wangu, bahati njema mkono ukabaki. Halafu joto: nailoni inatanuka kwa joto mara saba hivi kuliko chuma. Ukipima kipande kikiwa bado cha moto utakikata kupita kiasi. Mimi napitisha kisu cha kwanza, naacha milimita moja, nakwenda kunywa chai, narudi kumalizia.

Na fimbo zenyewe hazifanani. Nailoni ya kwanza ilipatikana Februari 1935 kwenye maabara ya DuPont kule Marekani, katika kundi la Wallace Carothers, nayo ndiyo nailoni 66. Nailoni 6 alikuja nayo Paul Schlack wa Ujerumani mwaka 1938, na hii ina tabia moja inayotuhusu sisi. Malighafi yake, kaprolaktamu, inaweza kumiminwa ndani ya kalibu ikiwa majimaji, ikageuka nailoni humohumo. Ndiyo maana magogo makubwa, yale ya kukerezea magurudumu na kapi, huwa ya kumiminwa. Fimbo nyembamba zimesukumwa kutoka kwenye mashine kama tambi, na zinabaki na mkazo ndani. Chonga upande mmoja wa fimbo ya tambi, ilaze mezani usiku kucha, asubuhi utaikuta imepinda kama ndizi. Nyeusi mara nyingi imetiwa unga wa kilainishi chenye molibdenamu ili iteleze na kuvumilia msuguano, na mimi nikiwa na pesa ya kuchagua nachukua hiyo ya kumiminwa, ingawa inanichafua mikono.

Printa ya 3D iliingia karakana kwetu kupitia mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anamaliza chuo. “Mjomba, siku hizi hatukerezi, tunachapa.” Alikuwa na rola la uzi wa nailoni na kompyuta. Tukachapa gia iliyoungana na shafti yake, kipande kimoja, ya mashine ya kufungia mifuko ya karanga. Uzi ulikuwa unalia kwenye pua ya printa, chwii, kama vitunguu vinavyoanza kugusa mafuta. Yeye alidhani ni kawaida. Nilishakuwa na bushi yangu ya nyuma ya friji, nikamwambia huyo amekunywa. Tukaukausha kwenye oveni ya keki ya shangazi yake, nyuzijoto 75 tangu asubuhi mpaka jioni, kelele zikaisha na gia ikatoka laini. Ikafungwa, ikafanya kazi siku nne, shafti ikakatika. Ilikatika sawasawa, kama muwa unavyovunjika kwenye pingili, kwa sababu tuliichapa imesimama na kila tabaka likawa pingili.

Yule kijana hakukata tamaa, na ni vizuri hakukata. Tulitenganisha: gia akaichapa imelala, shafti nikaikereza kwa chuma. Ile gia ilidumu. Tangu siku hiyo naitumia printa kwa sampuli, kwa vishikizo vya kushikia kazi na kwa vifuniko. Kuna mteja pia alitaka bomba dogo la kunyonyea hewa, limejikunja ndani kwa ndani, kisu hakifiki na moldi, yaani kalibu ya chuma, haifunguki. Hilo tuliagiza nje, kwa watu wanaounguza unga wa nailoni 12 kwa leza. Lilikuja jeupe, uso wake wa chengachenga kama sukari, na halikunywa maji kama nailoni 6 inavyokunywa. Bei yake sitaisema, mteja anasoma.

Sasa moldi. Hapa ndipo nilipolipa ada kubwa.

Mwaka 2019 fundi wa madirisha ya aluminiamu alinijia na rola, yale magurudumu madogo yaliyo chini ya dirisha la kuteleza, yenye kipenyo cha milimita 22 na mfereji katikati. Alitaka 6,000. Nilikereza moja huku nikitazama saa: dakika 4, mkono ukiwa mwepesi. Rola 6,000 ni dakika 24,000, yaani saa 400, yaani siku 50 za kukaa kwenye lethi saa 8 nakereza kitu kilekile. Rafiki yangu mwenye mashine ya CNC, inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, akanipigia hesabu ya upande wa pili: moldi ya chuma yenye vyumba 4, kila nusu dakika inatema rola 4, saa 1 rola 480. Kazi yote siku mbili. Moldi yenyewe ilikuwa inagharimu zaidi ya nilivyowahi kulipwa kwa kazi yoyote, lakini ukiigawa kwa 6,000 inakuwa ndogo, na mteja alisema atarudi kwa nyingine. Tukakubaliana.

Tulipanua vyumba vya moldi kwa asilimia 1.5, maana nailoni ikipoa inasinyaa, na hilo tulilipatia. Kiwanda kilichotupangisha mashine ya kushindilia plastiki kilizoea kutengeneza mabeseni. Plastiki ya mabeseni ukiitoa kwenye gunia unaimimina moja kwa moja kwenye mashine, haijali unyevu. Wakafungua gunia la punje za nailoni Ijumaa, wakaliacha wazi wakaenda zao, tukaanza kazi Jumatatu. Rola za kwanza zilitoka na michirizi ya fedha usoni, kama mtu aliyepakwa majivu, na ukibana moja kwa koleo inavunjika kama biskuti. Nilikuwa nimesimama pale, mimi mwenye bushi nyuma ya friji, na sikuwa nimefikiria hata kidogo kwamba punje nazo zinakunywa. Nailoni 6 inayeyuka nyuzi 220, na mashine inaipeleka juu zaidi ya hapo. Maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke unaochora ile michirizi, tena yanaikatakata minyororo yenyewe ya nailoni. Punje zinatakiwa ziwe na maji chini ya asilimia 0.2. Zetu zilikuwa zimelala siku tatu katika hewa ya Machi ya Dar es Salaam.

Tukaanza kukausha, nyuzi 80. Draya ya pale ilikuwa ya kupuliza hewa moto ya kawaida, na hewa ya kawaida ya Dar ina unyevu wake, hivyo baada ya saa sita michirizi ilipungua tu. Tukakausha usiku kucha, gunia jipya likawa halifunguliwi mpaka draya iko tayari, na tukawa tunatia punje kidogokidogo zikiwa bado za moto. Zikatoka safi. Nikashusha pumzi.

Mteja akapiga simu baada ya siku mbili: akigonga pini ya katikati, rola moja katika kila kumi inapasuka. Niliwaka. Safari hii punje zilikuwa kavu kabisa! Na ndiyo ilikuwa shida. Rola inayotoka kwenye moldi ni kavu mno, haijanywa hata tone, na nailoni kavu ni ngumu lakini haina subira. Maji yaleyale yanayoiua kabla haijayeyuka ndiyo yanayoipa unyumbufu ikishakuwa kifaa. Ukiiacha itajinywea yenyewe hewani, lakini inachukua wiki na wiki, na mteja alikuwa na madirisha ya kufunga.

Nikachukua sufuria la pilau la nyumbani, lile la sherehe, bila kuaga. Nikapima rola 10 kwenye mizani ya jirani yangu sonara: gramu 31.2. Nikazichemsha saa tatu, nikazifuta, nikazirudisha mizanini: 32.1. Nikaweka pini na kugonga, zote kumi zikapokea. Nikachukua moja nikaiweka juu ya fuawe nikaipiga nyundo kwa hasira, ikaruka ikapiga bati la ukuta na kurudi nzima. Tulichemsha 6,000 kwa siku nne, katika pipa lakini, maana mwenye sufuria alishajua.

Baada ya hapo watu wakadhani nina moldi ya kila kitu. Mmoja alitaka bushi zenye ukuta wa milimita 20 kwa moldi, kwa bei ya rola. Kitu kinene hivyo kwenye moldi kinaganda nje kwanza, katikati kinasinyaa kikitafuta plastiki, na unabaki na pango ndani ambalo hulioni mpaka kivunjike. Mwingine alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, akataka bushi ya nailoni jirani kabisa na kichwa cha kukamulia, kunakochemka. Huyo nilimpa ya shaba, akaondoka akidhani nimekosa mzigo.

Kinachonitesa mpaka leo ni namba za katikati. Vipande 10 nakereza bila kufikiri. Vipande 5,000 ni moldi. Vipande 300? Hapo nakaa na karatasi. Kama umbo ni la duara na malighafi ipo ya bomba, nisianze na gogo zima na kutupa nusu yake sakafuni, mara nyingi lethi inashinda. Kama lina mabawa na matundu ya pembeni, nimewahi kushauri watu wabadilishe umbo kuliko kubadilisha njia.

Mwaka jana alikuja nahodha mmoja mtu mzima kutoka Bagamoyo, ana kapi ya mbao iliyolika, anataka nane za nailoni, kipenyo milimita 120, pini ya 20. Nikajiandaa kumpa somo. Nikamwambia, mzee, hizi zitakaa kwenye maji ya chumvi, na nailoni ina tabia, ikikaa majini inavimba, kwa hiyo tundu—

Akanikatiza. “Kwani mbao si ndivyo, mwanangu? Chombo kikikaa juu muda mrefu mbao zinakauka, kinavuja. Unakishusha, unakiacha kinywe, mbao zinavimba zenyewe, kalafati inashika. Wewe nikatie kapi, tundu acha dogo. Nitaondoka nazo nizifunge kamba nizitose. Nikirudi utanimalizia.”

Sikuwa na cha kuongeza. Nilizikereza kutoka kwenye gogo jeusi la kumiminwa, nikatoboa matundu ya 19, akazifunga kwenye gunia akaondoka. Nilimwambia unene ule hautashiba hata kwa mwaka, ila ngozi yake itakunywa, na ngozi ya tundu ndiyo tunayoitaka. Akasema anajua.

Alirudi baada ya mwezi na nusu. Gunia lilinuka bahari, na kapi moja ilikuwa na kombe dogo limeshajishikiza kwenye mfereji. Nikapima: matundu yalikuwa yamepungua kama sehemu mbili za kumi za milimita. Nikapitisha kisu cha mwisho, nikaacha mwanya mpana kuliko ambao mkono wangu ulitaka kuuacha, nikaingiza pini na kumpa. Akaitikisa sikioni, akaizungusha kwa kidole gumba, akaitikisa tena.

“Inacheza,” akasema.

“Inatakiwa icheze, mzee.”

“Najua. Nilitaka kuona kama wewe unajua.” Kisha akaanza kunilalia bei.